Marehemu Hakutikisa Mazingara

Jumanne, 8 Julai
Chai, muhogo, dawa ya presha. Nilikuwa najikuna mgongo kwenye nguzo, ardhi ikatikisika. Nikadhani ni mimi. Sahani zililia, ukuta wa chumbani ukapata ufa. Zubeda, mke wangu wa siku chache, alitoka mbio na kanga moja. Hakuumia mtu. Mbuzi tu wamenuna.

Ijumaa, 11 Julai
Mdogo wangu Mhina kaitisha ukoo. Eti ardhi imetikisika kwa sababu nimeoa bila kwenda kaburini kumwarifu marehemu mke wangu. Eti marehemu kakasirika, kajigeuza kaburini. Nitengane na Zubeda mpaka tambiko lifanyike. Nikawaambia marehemu alikuwa mwembamba, hana uzito wa kutikisa kijiji chote cha Mazingara, na Handeni mjini nako tetemeko wamelisikia. Hakucheka mtu.

Nimerudi, Zubeda hayupo. Kaogopa maneno, karudi kwa kaka zake Masuguru, Korogwe. Nina hasira. Uji nimeunguza.

Jumapili, 13 Julai
Nimemfuata mwalimu wa jiografia. Kachukua matofali mawili, kayabana ubavu kwa ubavu, kasukuma moja mbele. Haliendi. Kasukuma zaidi, likachomoka ghafla, meza ikaruka. Ndivyo ilivyo miamba huko chini, anasema. Inasukumana miaka kwa maelfu, imeng'ang'aniana kwenye ufa. Siku ikishindwa, inateleza, na sisi juu tunarushwa.

Basi ugomvi huo umeanza kabla ya ndoa zangu zote. Nimeazima matofali.

Jumatatu, 14 Julai
Basi mpaka Korogwe, matofali mapajani. Kondakta kauliza najenga wapi. Barazani kwa shemeji zangu nikayabana, nikasukuma, yakanifinya kidole. Nilitukana. Zubeda akacheka, kisha akaacha.

"Mzee, tetemeko likirudi tena, hutanitazama mimi kama niliyelileta?"

"Nitatazama paa."

Akaingia ndani. Nikajua nimekwisha. Akatoka na begi.

Alhamisi, 17 Julai
Mhina kapita njiani. Shikamoo yake kabaki nayo. Tambiko sifanyi. Kaburi la marehemu nimelifyeka kwa sababu lina majani, si kwa sababu ya ukoo.

Mwalimu alisema tetemeko laweza kurudi, siku haijui mtu. Tumehamisha kitanda, kikae mbali na ule ukuta wenye ufa. Zubeda kashika kichwani, mimi miguuni. Kizito. Tumepumzika mara mbili.