Jina Ambalo Dooronbek Hataki Kulitaja

Jumatatu, 6 Mei 1946
Dooronbek amerudi! Nilikuwa ubaoni nikamwona dirishani, anashuka kwenye lori la makaa la kutoka mjini Osh. Mwanafunzi wangu bora wa jometri — meno ya mbele hana. Jeshini, kisha mateka wa Wajerumani, kisha kambi ya watu wetu wenyewe, Wasovieti, kuhojiwa. Mama yake, Uulkan, alimshika kichwa kwa mikono miwili, hakulia. Niliyelia ni mimi.

Alhamisi, 9 Mei
Sikukuu ya Ushindi. Wenzake na medali zao. Yeye kajibanza nyuma ya zizi na bakuli lake la maziwa ya farasi. Sayragul akamfuata huko huko, na watu wakamfuata Sayragul. Mumewe, Mambetaly, aliondoka siku moja na Dooronbek, hadi leo hajulikani alipo.
"Wewe umerudi na miguu yako yote. Wangu umemwacha wapi?"
Dooronbek akasema hajui, walitenganishwa mapema. Sayragul akatema mate chini.

Jumanne, 14 Mei
Nimemwombea nafasi ya hesabu, maana walimu hatutoshi. Mkuu wa shule hata hakuniangalia. "Aliyemwinulia adui mikono, atawafundisha watoto kuinua nini?"
Basi. Anachimba mfereji wa ushirika.

Ijumaa, 17 Mei
Nimempelekea chai mferejini. Akanywa, akaweka kikombe chini, ndipo akasema. Mambetaly alitekwa pamoja naye. Alikufa kwa kuhara, kwenye mgodi huko Ujerumani. Dooronbek ndiye aliyemfukia.
Nikamuuliza kwa nini hamwambii mkewe.
"Kwenye karatasi Mambetaly amepotea vitani, Mwalimu. Watoto wanapata unga. Akiandikwa mateka, unga unakatwa. Nikimwambia Sayragul ataweka matanga, na matanga hayafichiki. Acha anitemee mate."


Jumatatu, 20 Mei
Watu wa usalama wamemwita wilayani. Wanataka kujua ni nani mwingine wa kijiji hiki aliyetekwa. Kaambiwa aje na nguo za baridi. Mwezi wa Mei!

Jumatano, 22 Mei
Hakurudi. Nimekwenda na Uulkan, kwa mkokoteni wa ushirika. Afisa ni kijana, ana adabu, alimpa mama kiti. Akasema jambo lenyewe dogo: ataje jina, alale kwake. Akizidi kunyamaza, atapandishwa treni ya kaskazini, kwenye kambi za kazi. Kisha akanigeukia. Mimi niliyemfundisha, sikusikia lolote?
Nikasema sikusikia.
Uulkan akanitazama.  Tulipofika kwake akasema tu, "Wewe unajua." Akaingia ndani.
Anajua ninajua. Jina moja lingemrudishia mwanawe. Na watoto wa Sayragul niko nao darasani kila asubuhi. Yule mdogo shingo yake nyembamba kama ya kifaranga. Nimtoe nani nimwokoe nani? Sijala tangu jana.

Ijumaa, 24 Mei
Watoto wameshatoka. Sayragul yuko mlangoni pa darasa. Uulkan amekisia jina, amemwambia nina habari za mumewe. Leo hana matusi. Amefunga kitambaa safi, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.
"Mwalimu, niambie tu. Mume wangu yu hai?"
Nimemwambia asubiri, namalizia kazi ya shule. Kazi yenyewe ndiyo hii ninayoandika. Ameketi kwenye dawati la mbele, mikono magotini. Hanihimizi. Kila nikinyanyua kalamu ananyanyua macho —