Mkono wa Sifa kwenye koo yangu

Furaha mjukuu wangu,

Hapa kambini Dzaleka tuko wazima, mama yako anashona nguo za kwaya. Eti unaacha masomo ya kufundisha viziwi kusema huko Lilongwe sababu benzako banacheka? Wee!

Mi nikiwa msichana kwetu Fizi, mdogo wangu Sifa hakusikia kitu tangu kuzaliwa. Lakini tukitwanga majani ya sombe alishika kinu kwa mkono mmoja, na mchi wake haukugonga wetu hata mara moja. Kumbe mkono wake njo unasikia! Nikauweka kwenye koo yangu, nikaita, "Mama!" Akashika koo yake, akajaribu siku tatu. Akaita! Mama akatupa mchi, akacheza ngoma peke yake.

Sikusoma, mi. We uko na balimu, unaogopa kicheko? Iko mtoto mahali anangoja kuita mama yake. Rudi darasani, mujinga we!

Bibi yako