Neno Nililomwambia Dada Yangu kwa Simu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Kisiwani Mombasa
Tarehe: Alhamisi, 12 Juni 2025, kuanzia saa kumi na dakika ishirini jioni
Jina: Naomi Mhina
Umri: Miaka 26
Uraia: Mtanzania. Pasipoti imeletwa na kukaguliwa.
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Ghorofa ya pili, nyumba ya Bwana Noormohamed, Kibokoni, Mji wa Kale

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Afisa alitaka kuandika kazi yangu kuwa mama wa nyumbani, nikamwomba aandike fundi cherehani, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuja nayo. Nasema kwa hiari yangu na sijaahidiwa kitu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa. Uongo nimeshausema wa kutosha wiki hii, sina nguvu za kuongeza mwingine.

Nimezaliwa Muheza, mkoa wa Tanga. Mume wangu ni Kenneth Thoya, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tulikutana Tanga alipotumwa huko kikazi. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, lakini yeye alikaa miezi minane, na alipoondoka aliondoka na mimi. Tulivuka mpaka pale Horohoro mnamo tarehe 14 Januari 2023. Siku hiyo hiyo alichukua pasipoti yangu anitunzie, akaifungia kwenye kabati la chuma pamoja na vyeti vyake. Sikuona ubaya. Mtu akikutunzia kitu chako unashukuru. Kitambulisho cha mgeni hakijatoka mpaka leo, na kila nikiuliza naambiwa kuna barua bado haijaandikwa. Leo afisa alipodai hati yenye jina langu kabla ya kuanza kuandika, mume wangu alilazimika kwenda kuileta pasipoti. Iko hapa mezani. Sikuwa nimeiona tangu siku ile ya mpakani, na nimejikuta nacheka kuona nilivyokuwa nimenona mashavu.

Nilipofika Mombasa nilikuta Kiswahili changu kina matundu. Umeme hapa ni stima, beseni ni karai. Aliyenifundisha ni wifi yangu Mbeyu, dada mkubwa wa mume wangu, huku akinicheka mpaka machozi. Mbeyu tunaishi naye. Jioni huuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, kule ufukoni Mama Ngina, na mchana hunisaidia watoto. Ni mwanamke mwema. Naomba hilo liandikwe mapema, maana huko mbele nitasema kwamba alinifungia chumbani.

Nina watoto wawili wa kike. Sidi alizaliwa Oktoba 2023, akapewa jina la mama mkwe wangu. Wa pili alizaliwa tarehe 3 Novemba 2024, Sidi hajajua hata kutembea sawasawa. Kwa desturi ya kina mume wangu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake. Mzee Thoya, baba mkwe wangu, yu hai, na kila Jumapili hupiga simu kutoka Kaloleni kuuliza jina lake limefika wapi. Anauliza kwa utani. Mimi huwa sicheki.

Uzazi wa pili nilitokwa na damu mpaka nikaongezewa ya watu wengine. Daktari aliniambia nisishike mimba kwa miaka mitatu, na kwamba nikishika mapema huenda mara hii nisinusurike. Nilimweleza mume wangu. Akasema madaktari wamezoea kutisha watu na mpaji ni Mungu. Tangu mwezi wa nne amekuwa akisema mtoto ameshakua.

Sasa nieleze habari ya bima, kwa sababu mambo yalianzia hapo. Mume wangu aliniandikisha kwenye bima yake ya afya. Fomu inasema mimi ni mtegemezi. Bima ni yake na namba ya simu iliyoandikwa ni yake. Nikifika hospitalini, kabla faili halijafunguliwa, tarakimu sita huingia kwenye simu yake, naye huzisoma kwa karani. Bila tarakimu hizo mimi si mgonjwa. Siwezi kuumwa hata jino bila Kenneth kupata taarifa.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Juni, saa tatu asubuhi, nilikwenda hospitali moja ya binafsi inayopokea bima hiyo, mtoto mdogo nikiwa nimembeba. Nilimwambia karani kwa sauti ya chini kwamba nataka kupanga uzazi. Nilidhani nikiwa na watoto wawili nitaulizwa mimi kwanza, kabla ya mume wangu. Karani akabonyeza kompyuta yake, na kabla sijakaa simu yangu ikalia. Mume wangu aliuliza nani mgonjwa. Nikasema mtoto ana kifua. Akasema poleni sana, akazisoma zile tarakimu. Nikatoka pale na chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto asiyekohoa.

Muuguzi mmoja alinifuata hadi mlangoni. Jina lake silijui, na hata ningelijua nisingelitaja. Aliniambia kwamba Ijumaa kuna zahanati wanahudumia wanawake bure bila kuuliza bima, ila mimi kwa kuwa ni mgeni niende na hati yoyote yenye jina langu. Akanieleza juu ya koili, kile kidude kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi kikazuia mimba kwa miaka. Nikamwambia nakijua, dada yangu anacho, ila kwetu kina jina lingine. Hakuniuliza jina gani. Laiti angeuliza.

Mnamo Jumatano tarehe 11 Juni, saa nane na nusu mchana, nilimpigia simu huyo dada yangu, Mirriam, aliyeko Muheza. Nilikuwa chumbani, mlango nimeurudisha tu. Nilidhani Mbeyu ameshuka dukani, kumbe alikuwa sebuleni akimenya viazi. Maneno yangu nayakumbuka vizuri, kwa kuwa nimerudiwa nayo mara nyingi tangu hapo. Nilisema: "Mirriam, nimechoka. Nimeamua, Ijumaa naweka kitanzi. Kenneth asijue, atakuja kujua mambo yamekwisha. Nikishaweka nitapumzika."

Kwetu mwanamke akisikia maneno hayo atauliza zahanati gani. Koili ndiyo tunayoiita kitanzi, na tunaitaja hata mbele ya wakwe. Hapa Mombasa kitanzi ni kimoja tu, cha shingoni.

Nilisikia kisu kikianguka sakafuni. Mbeyu aliingia, akanikumbatia, akachukua simu yangu, akambeba mtoto, akamshika Sidi mkono, akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo. Baada ya muda akarudi peke yake. Alichukua kanga zangu zote, mikanda, mashuka, kamba za chandarua na nyuzi za cherehani. Alichukua hata futi kamba yangu ya kupimia nguo, akaikunja vizuri kabla ya kuitia mfukoni, kwa kuwa anajua naipenda. Nikamuuliza kuna nini.

"Sikuulizi neno, wifi," alisema. "Lakini sitazika mtu mwengine mimi."

Akafunga tena, akakaa nje ya mlango akiimba nyimbo za kanisani. Katikati ya wimbo alinyamaza, akaanza kunieleza kupitia tundu la ufunguo habari za Karisa, mdogo wao. Nilijua amekufa kabla sijaolewa, sikuwa nimeambiwa alikufaje. Alijinyonga, na aliyemkuta ni Mbeyu. Hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini, na kwa sikio la nani.

Nitaulizwa kwa nini sikumwambia ukweli pale pale. Ilihitaji sentensi moja tu. Lakini Mbeyu hana siri na Kenneth, hawajafichana jambo tangu msiba ule. Ningesema, mlango wa chumba ungefunguliwa dakika hiyo na kabati la chuma lisingefunguliwa tena. Nikisema, natoka na kwenda kubeba mimba. Nisiposema, mimi ni mwendawazimu. Nilikaa juu ya godoro lisilo na shuka nikaligeuza jambo lile kila upande, nikakosa pa kutokea. Nikanyamaza.

Mtoto aliletwa kunyonya mara mbili. Mbeyu alikaa karibu yangu akiniangalia mikono.

Saa kumi na mbili na nusu jioni mume wangu alirudi kazini. Aliingia, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akalia. Nampenda mume wangu, naomba hilo nalo liandikwe. Aliniuliza amenikosea nini. Alisema hawezi kumpoteza mtu wa pili kwa njia ile, na kwamba niombe lolote atalitimiza.

"Lolote?" nikamuuliza.

"Lolote, Mama Sidi. Sema tu."

"Nipe pasipoti yangu."

Aliinua uso. "Pasipoti ya nini? Wataka ukafie kwenu?"

Akafuta macho, akatoka, akafunga mlango. Nikasikia akilitikisa kabati la chuma kuhakikisha kwamba limefungwa.

Leo Alhamisi tarehe 12 Juni, saa tano asubuhi, niliwasikia wakishauriana sebuleni. Mume wangu alimwambia Mbeyu kwamba ameshauliza, na hospitali ya wagonjwa wa akili watanipokea kesho asubuhi, bima inalipa hata kwa mtegemezi. Tarakimu angezisoma yeye. Nikaona sasa bima imenikubali, na imenikubali kwa wazimu, siku ile ile ya Ijumaa niliyokuwa naihitaji. Niliona uchungu ambao siwezi kuueleza. Nikavua kiatu nikaanza kuugonga mlango, nikagonga mpaka kisigino cha kiatu kikabanduka.

Mzee Noormohamed, mwenye nyumba, ana duka la kutengeneza saa pale chini. Alipanda ngazi, naye magoti yanamsumbua. Mbeyu alimweleza kwamba nataka kujiua. Nilimsikia mzee akijibu kwamba katika nyumba yake hajafa mtu kwa namna hiyo, na wala hajafungiwa mtu. Akapiga simu polisi. Maafisa wawili walifika saa nane na robo mchana, mlango ukafunguliwa, tukaletwa hapa sote watatu. Watoto wamebaki kwa mke wa Mzee Noormohamed.

Hapa kituoni Koplo Mung'aro alinieleza kwamba jambo langu lina njia mbili. Kama nilitaka kujiua, nitakwenda hospitali kama mume wangu alivyopanga. Kama sikutaka, basi nimefungiwa bila haki karibu siku nzima, na atakayejibu ni Mbeyu. Akaniuliza ni ipi. Chai aliyonipa ilipoa sijaigusa. Mlango wa ofisi hii haufungi vizuri, na kwenye uwazi nawaona wamekaa kwenye benchi. Mume wangu ameinamisha kichwa. Mbeyu ameshika futi kamba yangu mkononi, anaikunja na kuikunjua.

Jibu langu ni hili. Sikutaka kujiua. Nilitaka kuishi, na yote niliyoyafanya wiki hii niliyafanya kwa sababu hiyo. Kitanzi nilichomtajia dada yangu ni koili. Nilitaka kukiweka bila mume wangu kujua, kwa sababu nilishamwambia nitakufa na hakusikia.

Afisa aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu mume wangu ataulizwa juu ya maneno haya, na haitawezekana kumficha. Nikamwambia: "Andika. Andika na maana yake, asije mtu akasikia vingine."

Sitaki Mbeyu ashitakiwe. Alisikia kile ambacho sikio lake lilifundishwa kusikia, na alifunga mlango ule akiwa anamfungia Karisa. Mimi nilikuwa nimefungwa kabla yake, na sijui kama kuna kifungu cha sheria kinachohusu tarakimu sita.

Afisa ameniuliza kama naogopa kurudi nyumbani. Naogopa. Si kwamba nitapigwa, mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Naogopa atakaa tena sakafuni alie, nami nitamhurumia.

Hayo ndiyo yaliyonipata, nami nimeyasema kwa kinywa changu. Nimesomewa yote nikasikia, na hakuna neno nililotaka liondolewe.

Sahihi: Naomi Mhina

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maneno haya kama shahidi alivyoyatamka kwa Kiswahili, nikamsomea, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa kumi na mbili kasorobo jioni. Baada ya hapo mume wake, Kenneth Thoya, aliingia ofisini na kuomba arudishiwe pasipoti akaitunze. Nilimweleza kwamba hati hurudishwa kwa mwenye jina. Nimemkabidhi Naomi Mhina mkononi, naye ameitia ndani ya blauzi. Mbeyu Thoya amemrudishia futi kamba. Kabla ya kutoka, shahidi aliniuliza kama kesho ni Ijumaa. Nilimjibu kwamba ni Ijumaa.

Koplo Stacy Mung'aro