Mishomoroni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Mimi tangu nifike sijatulia, hata chai naimeza nimesimama. Kila asubuhi natoka na daftari kuuzunguka mtaa wenu wa zamani. Nyumba ulimozaliwa, ile ya tano kutoka msikitini, haipo tena, pamejengwa gorofa. Lakini nyumba ya nane ina mlango wenye nyota tatu alizochonga Babu, zile ulizonisimulia!

Siku tatu nilipita nikiogopa kubisha. Leo mwenye nyumba, Bi Zuhura, akaniita kutoka barazani: "We mtoto, kila siku wautazama mlango wangu, wataka kuuiba?"

Nikamwambia mimi ni mjukuu wa fundi Karisa. Alicheka, akanikalisha, akanieleza. Kumbe Babu alimiliki nyumba tu, ardhi ilikuwa ya mtu mwingine. Huyo alipoitaka ardhi yake, Babu aliibomoa nyumba kwa mikono yake, akauza mabati na madirisha. Mlango alikataa kuuuza. Alimwambia marehemu mumewe Bi Zuhura, "Nitunzie. Binti yangu atakuja kuuchukua."

"Twamngoja mamako mpaka leo," akasema. "Na mwezi ujao nitatia mlango wa chuma, huu utakuwa kuni."

Mama, nimemwambia utakuja. Sikukuuliza kwanza, unisamehe. Njoo, hata kama hapo kwetu hatuna pa kuutia.

Nakukumbatia, wabusu wadogo zangu.

Wako,
Dama