Sababu ya Kukaa Porini

Porini, juu ya Dirma, Hanang

Mama mpendwa, shikamoo.

Ulimtuma Kaka Festo aniambie kwamba nisiporudi nyumbani kabla ya Krismasi nisikuite mama tena. Nimesikia, na bado nakuita. Utanichapa siku tukionana. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Njombe? Viazi vimekubali mwaka huu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mguu wa kushoto ndiyo kwanza unaanza kukanyaga vizuri, na habari ya mguu huo ndiyo iliyonifanya niandike. Barua anakuletea Mwalimu Upendo, niliyefundisha naye Katesh, anayekuja huko likizo.

Najua mnavyosema. Kwamba nimeacha kazi ya serikali na nyumba ya bati nikaenda kukaa na fisi. Fisi wapo kweli, lakini hawaniiti kwenye kikao. Mama, nilikuwa nimechoka. Shuleni kengele, kwenye simu magrupu, kanisani kamati, na kila mtu ananiuliza nitaolewa lini. Nilitaka niamke asubuhi moja bila kudaiwa neno na mtu. Kijiji kilinionyesha kipande cha ardhi kwenye miti, karibu na chemchemi. Nikajenga chumba kimoja cha udongo, nikatundika mizinga ya nyuki, nikapanda maharage. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni sina la kufanya, nikacheka peke yangu kama chizi.

Na watu wa huku walinishangaza, maana hakuna aliyenisumbua. Wachungaji wakikaribia kwangu waliwazungusha ng'ombe mbali. Wanawake wakinikuta chemchemini walisimama pembeni mpaka nimalize kuchota. Hakuna aliyenipa mkono wala kubisha hodi. Ila mara kwa mara nilikuta kibuyu cha maziwa juu ya jiwe njiani. Nikikirudisha pale pale kitupu, baada ya muda nakikuta kimejaa tena. Nikajisemea, hawa ndio watu wanaojua uhuru wa mtu. Nilijiona nimefika.

Halafu mvua ikanyesha, nikateleza nikishusha mzinga, mguu ukateguka vibaya. Nikajikokota ndani nikalala bila kuwasha moto. Kesho yake mchana nikasikia mwanamke anaita kutoka mbali, kwenye migunga. Alikuwa Mama Bura wa boma la chini, ndiye mwenye kile kibuyu.

"Mwalimu! Mbona leo hakuna moshi kwako?"

"Mguu umeteguka, siwezi kusimama."

"Na msiba wako, bado haujaisha?"

"Msiba gani?"

"Si umefiwa wewe? Si ndiyo maana umejitenga?"

Mama, nilikuwa sijui. Kwa desturi ya wazee wa huku, aliyefiwa na mtu wake wa karibu hukaa mbali na wenzake kwa muda. Hapewi mkono, nyumbani kwake hakuingiwi, maji hachoti pamoja na wengine, mpaka muda utimie ndipo ananyolewa na kurudi kwa watu. Sasa mimi nimetoka mjini peke yangu, kitambaa kichwani, simsalimii mtu. Wakaona, wakaelewa. Uhuru wote ule niliojisifia walikuwa wananipa wao, kwa heshima ya msiba wangu.

Nikamwambia ukweli, kwamba nimekuja tu kukaa peke yangu.

"Umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Umefukuzwa?"

"Hapana, Mama Bura. Nimependa mwenyewe."

"Na hakuna kabisa aliyekufa?"

Nikasema baba alifariki mwaka juzi, lakini hayo yalishapita. Tulizika, nikapewa ruhusa ya siku chache, nikarudi kusahihisha mitihani.

"Ulimlilia lini?"

Nilikumbuka msibani nilivyokuwa nahangaika na masufuria na wali wa wageni, halafu basi, halafu kengele ya shule. Nililia pale pale sakafuni, na mguu umevimba. Nililia kwa sauti, Mama, na yeye kule kwenye migunga hakuniambia nyamaza. Nilipomaliza alikuwa ameondoka, nikadhani nimemkera.

Jioni alirudi na wanawake wawili, na wembe. "Mzee wangu amesema muda wako umetosha," akasema, akaingia. Walininyoa, wakaniogesha, wakawasha moto, wakanikanda mguu kwa siagi. Wakati wa kuondoka kila mmoja alinishika mkono, wa kwanza tangu nije huku. Nimeshukuru mpaka leo sijui nishukuru vipi tena.

Sisemi msiba wa Baba ndiyo sababu iliyonileta. Nilitaka kuwa huru na bado nataka, na nilimwambia Mama Bura hivyo hivyo, kwamba napenda kukaa peke yangu. Akanicheka. "Kaa," akasema, "ila moshi tuuone." Sasa wananisalimia mpaka naomba poo, lakini nikiingia ndani wananiacha.

Kwa hiyo sirudi, Mama. Usione nimekutupa. Badala yake nakuomba uje wewe. Tangu tuzike nyumba yako haijakaa bila watu, wajukuu, kwaya, wanaokuja kuomba ushauri, na wewe unawapikia wote. Nani amekuacha ukae kimya hata mchana mmoja? Panda basi, nitakupokea Katesh. Hapa utakaa mlangoni, maziwa yapo, na mimi nitakwenda kwenye mizinga nikuache. Hakuna atakayekuuliza umekaa kwa nini, wala utaondoka lini.

Msalimie Kaka Festo, umwambie ujumbe ulifika na hasira zake zote. Wifi, mke wake, namshukuru kwa kukuchotea maji. Shangazi muuza pombe ya ulanzi mwambie asali yake naitunza. Mjomba wa kwaya naye mpe salamu.

Na ukienda kupalilia kaburini, mwambie Baba kwamba Anjelina amemlilia. Amechelewa, lakini amemlilia.

Ni mimi, mwanao wa porini,
Anjelina