Nyuzi za Modesta

Modesta, rafiki yangu,

Nimepata kazi. Najua ungeuliza, "Kwa Kifaransa chako kile?" Ndiyo, kile kile ulichonifundisha hapa sokoni Konyo Konyo, cherehani yako na yangu zikitazamana.

Unakumbuka nilivyogoma? Wewe uliyekulia ukimbizini Kongo uliona kawaida tu, kwa Kifaransa, meza kuwa ya kike na kioo kuwa cha kiume. Mimi wa Arua nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Ukachukua nyuzi: nyekundu kwa vitu vya kike, buluu kwa vya kiume. Ufunguo ukapata nyekundu, kufuli lake buluu. "Usiulize sababu," ukasema, "funga tu." Banda zima likapendeza.

Sasa sikia walichotufanyia. Siku ya tatu baada ya kukuzika, akina mama wa maombi walikuja bandani. Mama Rebeka muuza karanga akaziona nyuzi, akasema, "Hii iko dawa ya kuvuta wateja." Wakaimba, wakaomba, wakazikata zote kwa mkasi wako. Nilipofika vitu viko uchi, na zimebaki siku tisa tu kabla ya usaili wa kazi kwenye ile ofisi ya misaada inayotaka Kifaransa. Nililia kuliko makaburini, Modesta. Niliona wamekuzika mara ya pili.

Kisha nikachukua uzi, nikaanza kufunga upya peke yangu. Pasi ilinishinda siku mbili, hadi nikakumbuka ilivyokuunguza kidole ukaiita mume mkali. Buluu. Nilicheka peke yangu, wateja wakanitazama.

Kwenye usaili wakaniambia nieleze kwa Kifaransa mahali ninapofanya kazi. Nikafumba macho, nikazunguka banda letu uzi kwa uzi. Naanza Jumatatu, mapokezi.

Mama Rebeka alikuja kuomba radhi. "Malesh, dada, mimi kwani iko najua?" Sasa anataka kujifunza pia, maana mwanawe kaoa Mkongo, na yeye na mkwewe hawaelewani hata salamu. Nakuahidi nitamfundisha kila jioni nikitoka kazini, na nyuzi zote alizozikata atazifunga yeye mwenyewe.

Cherehani yako haiuzwi. Nimeifunga nyekundu mbili: moja ya Kifaransa, nyingine yako.

Pumzika, mwalimu wangu. Banda nimelifagia.

Grace wako