Deki mpya na sura ya dada yangu

Jumapili, Kamembe. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri na mpaka sasa haijashiba. Kutoka barazani kwangu ziwa halionekani, na milima ya Bukavu ng'ambo imefutika yote. Mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua.

Shajara yangu, wewe unanijua. Mimi ni fundi cherehani, shule niliiacha darasa la tano, lakini kwa mambo ya picha hakuna wa kunifundisha mtaa huu. Mimi ndiye mtu wa kwanza kuleta televisheni ya rangi hapa kwetu. Haya, wa pili. Wa kwanza alihama, kwa hiyo hahesabiwi.

Mwezi uliopita nilivuka mpaka nikanunua deki mpya huko Bukavu. Si deki ya hivi hivi. Hii inachukua picha ya DVD ya zamani, ambayo nukta zake ni chache, inaikuza mpaka ienee kwenye televisheni kubwa, na kujaza nukta nyingine katikati ili picha isionekane imekwaruzwa. Ndivyo aliyeniuzia alivyonieleza. Kwa kinyozi nilisimulia kwamba nilipopita forodha, maofisa wote walisimama kuiheshimu. Ukweli ni kwamba alisimama mmoja tu, alikuwa anatafuta kalamu yake.

Majirani wamekuja kuangalia mwezi mzima. Nilikuwa nawaonyesha kwa fimbo: tazameni majani ya miti, sasa yanaonekana moja moja. Wakajibu, kweli Papa Issa, moja moja! Hata mimi niliyaona.

Leo amekuja mpwa wangu Zaina kutoka Bugarama, alikoolewa, na mtoto wake mgongoni. Amekuja kwa sababu yangu. Tangu ajifungue, wakwe zake wanamgawana yule mtoto: pua ni yetu, masikio ni ya babu yetu, paji la uso ni la shangazi yetu. Zaina hana la kujibu, maana sura ya mama yake haijui. Mama yake ni Mwamini, dada yangu anayenifuata, na alifariki Zaina akiwa bado ananyonya. Hakuacha picha nyingine ila anavyoonekana kwenye diski ya harusi ya binamu yetu, ambayo niliirekodi mwenyewe kwa kamera ya kuazima, kwenye kaseti, baadaye ikatiwa kwenye DVD. Mwamini anapita na sinia ya glasi, anasimama mbele ya kamera, kisha anakwenda zake.

Diski hiyo tumeiangalia miaka na miaka. Na kila tukifika mahali pale, mimi husimulia jinsi nilivyopanda juu ya mabati kuchukua picha ile, wanaume wawili wamenishika miguu.

Zaina nilimwambia kwa simu: "Njoo. Kwa deki hii utahesabu hata kope zake."

Basi amekuja kuhesabu.

Nikaweka diski. Sebule imejaa, mke wangu amegawa chai, mtoto amelala. Mwamini akapita na sinia yake, na uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, kama uso nyuma ya kioo chenye mvuke. Zaina akanitazama, na macho yale yaliniuma.

Jirani yetu Papa Olivier, ambaye kazi yake ni kutengeneza televisheni na radio, akainuka na kuchungulia nyuma ya deki. Akakaa hukohuko muda mrefu. Alipotoka alikuwa anacheka.

"Papa Issa, hizi waya za rangi tatu ulizitoa wapi?"

"Kwa deki ya zamani. Waya ni waya."

"Apana, Mzee! Ile kazi uliilipia haipite mu huu waya wa manjano. Inaomba waya ya HDMI. Weye ulinunua pikipiki na uko unaisukuma na mikono!"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mke wangu naye hakuniachia nafasi: "Na ile majani ya moja moja, sisi tulikuwa tunayaonea wapi?"

Hilo swali, shajara, ndilo linalonirudia sasa hivi ninapoandika. Kweli, tuliyaonea wapi? Nadhani tuliyaonea mdomoni mwangu.

Papa Olivier akakimbia mvuani kuleta HDMI. Tukaanza upya, na niseme haki: kuna kitu kilibadilika. Ukingo wa sinia ulinyooka. Maua ya kitenge cha bibi harusi yaliachana, jekundu peke yake, la buluu peke yake. Mimi ni mshonaji, nikaona mpaka mshono wa begani. Papa Olivier akasema tusishangilie sana, kwamba televisheni ya siku hizi nayo inaikuza picha yenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti tunayoiona inaletwa na waya.

Lakini uso wa Mwamini ulibaki. Ukungu wa zamani uliondoka, ukaja ulaini. Uso ulikuwa kama umepakwa mafuta: hakuna mkunjo, hakuna kope hata moja.

"Mashini haimujue Mwamini," Papa Olivier akasema, sasa kwa upole. "Inaangalia nukta ya huku, inaangalia nukta ya kule, ya katikati inakisia. Kama kamera haikukamata kitu, haiwezi kukileta."

Nikamwelewa mara moja, maana hiyo ni kazi yangu. Mteja analeta kitambaa kinachotosha shati la mtoto, naye anataka kanzu ya mtu mzima. Unaongeza kipande kingine cha rangi inayokaribia. Kwa mbali kanzu inapendeza, lakini kipande kile si kitambaa alichokuletea.

Zaina alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Mjomba, ile alama ya ku mudomo iko wapi? Siione."

Zaina ana alama nyeusi juu ya mdomo, ndogo kama punje ya ulezi. Alipokuwa shule wenzake walimcheka, akaja dukani kwangu analia. Nikamwambia nyamaza, hiyo ni alama ya mama yako, alikuwa nayo mahali palepale. Akanyamaza. Baada ya hapo nikawa naiongeza kila mwaka. Bibi yake pia alikuwa nayo. Watu walivuka kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Nkombo kuja kuiona.

Mwamini hakuwa na alama yoyote.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi: kamera ya zamani, mwanangu, kitu kidogo kama kile ingekishika wapi? Papa Olivier mwenyewe angekubali. Lakini nilimwangalia pale amesimama, mtoto mgongoni, anatafuta nukta ambayo niliiweka mimi, nikalimeza lile jibu.

Na tulikuwa tumefika mahali pale pa hadithi ya mabati, na mimi nimenyamaza.

Ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye televisheni, ya mwanamke, kali, yenye kicheko ndani yake:

"Yaya, shuka kwa hiyo kreti ya soda, utaanguka na kamera ya benyewe! Na unyamaze kidogo, sauti yako njo itajaa mu kaseti yote!"

Zaina akageuka.

"Ni nani anasema?" Zaina akauliza.

"Ni mama yako. Mimi kaka yake alikuwa ananiita yaya."

"Alikuwa na sauti ya nguvu vile?"

Nilitaka kusema kwamba akiita sokoni mabasi yalisimama. Nikasema, "Ndiyo. Alikuwa nayo."

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Safari ya tatu hakuangalia hata picha. Alikaa sakafuni, macho amefumba, na mtoto mgongoni analala tu kama si yeye anayegombewa.

Mke wangu akaninong'oneza: "Kreti? Si ilikuwa mabati?"

"Ilikuwa kreti."

Kisha nikamwambia Zaina habari ya alama, mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote ndiko nilikoisimulia. Aliigusa kwa kidole.

"Basi hii ni yangu mwenyewe," akasema. Akanigeukia. "Na ile sauti, haukuiongeza?"

"Umeisikia kwa masikio yako."

Akatoa simu, akairekodi ile sauti. Alipokuwa anafunga mtoto vizuri ili aondoke, akacheka, na kicheko kile ninakijua. "Nitabaambia bakwe zangu: pua ni yenu, masikio ni yenu. Lakini akilia, yale makelele ni ya kwetu."

Wameondoka. Kama kuna anayesoma hapa na anataka kujua kama deki ya kukuza picha inafaa, namjibu kama mtu aliyeaibika: inafaa kidogo, waya ukiwa ule unaotakiwa, na kama aliyeshika kamera alifanya kazi yake. Kope hutazihesabu.

Sauti ya Mwamini haikukuzwa na mashine yoyote. Ilikuwa humo siku zote, hata kwa deki ya zamani, hata kwa waya wa manjano. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema juu yake.

Diski nzima ni saa moja na dakika kadhaa. Tangu niwe nayo nimesikia dakika moja.

Kesho nikifunga duka nitakaa nisikilize ya pili.